Linux, prosesa mbili: diski ya nje ya USB inakatika katikati ya kukopi

mpigapicha_Tanga

Habari za jioni wadau. Nina studio ndogo ya video hapa Ngamiani, Tanga. Kazi zetu ni harusi, sendofu, maulidi na mahafali ya shule. Tulinunua kompyuta kubwa ya mezani iliyotumika, ina prosesa mbili za Xeon E5-2620 na ramu GB 64, tumeweka Ubuntu 22.04. Ukifungua htop unaona mistari 24 ya prosesa. Kwa kuhariri video sijawahi kuwa na mashine nzuri kama hii.

Shida ni diski za nje. Nikikopi folda ya harusi moja, GB 300 hivi, kwenda kwenye diski ya TB 2 ya inchi 2.5, mwanzo inakimbia mpaka unashangaa. Halafu inasimama. Mashine nzima inakuwa nzito, kivinjari kinaganda, kipanya kinasogea kwa kusitasita. Baada ya hapo ama diski inapotea kabisa, ama inabaki lakini haiandikiki. Nikichomoa na kuchomeka tena inarudi kwa jina jingine, ilikuwa sdb sasa ni sdc.

Kinachonichanganya ni kwamba diski hiyohiyo na kebo yake hiyohiyo, nikipeleka kwenye laptopu yangu ya zamani ya kori mbili na ramu GB 4, inakopi usiku kucha bila neno. Polepole, lakini inamaliza. Fundi mmoja kaniambia USB na prosesa nyingi haviivani kwenye Linux, nizime prosesa moja au nirudi Windows. Kurudi sitaki. Na harusi ya mtu hairudiwi, kwa hiyo siwezi kuishi na kubahatisha.

Hii ni sehemu ya dmesg, yaani logi ya kerneli (kiini cha Linux):

```
sd 6:0:0:0: [sdb] tag#19 uas_eh_abort_handler 0 uas-tag 20 inflight: CMD OUT
scsi host6: uas_eh_device_reset_handler start
usb 4-2: reset SuperSpeed USB device number 3 using xhci_hcd
scsi host6: uas_eh_device_reset_handler success
```

Mistari hiyo inajirudia, halafu mwishoni:

```
usb 4-2: USB disconnect, device number 3
Aborting journal on device sdb1-8
```

Naombeni msaada.

Kijana_Nakuru

Mambo vipi ndugu. Hiyo ni SMP inakusumbua, yaani Linux kuendesha prosesa nyingi kwa pamoja. Fungua /etc/default/grub, ongeza nosmp kwenye mstari wa kerneli, fanya update-grub, uwashe upya. Ikikubali basi umejua ni prosesa. Pia zima irqbalance, ile programu inayopanga ishara za vifaa ziende kwa prosesa ipi. Jaribu tu uone, haina hasara.

BiMwana_Unguja

Mpigapicha, salaam.

Kabla ya jaribio lolote, acha kuandika kwenye hiyo diski. Usikopi tena, usiifomati, na kadi za kamera usizifute hata kama una kazi kesho. Azima kadi nyingine. Katika logi yako mstari mzito kuliko yote ni ule wa mwisho, «Aborting journal». Hapo ext4, mfumo wa faili wa diski yako, imeona maandishi yake hayafiki, ikajifunga isiandikwe tena ili isiharibike zaidi. Faili zilizokuwa njiani wakati huo huenda zimekatika. Ukizitazama kwenye folda utaona jina lipo, pengine hata ukubwa unalingana, na ndani video ina shimo. Ndiyo maana sikubaliani na «haina hasara». Kila ukirudia kukopi kwenye njia mbovu unaongeza uharibifu.

Nasema hivi kwa sababu kazi yangu ni kutunza mashine zinazohifadhi sauti. Tunageuza kanda za riili, taarab na hotuba za zamani, kuwa faili. Zipo kanda ambazo zikipita kwenye mashine mara moja unga wake unabanduka, hazichezeki tena. Faili lililotoka hapo ndilo pekee lililobaki duniani. Na mashine zetu ni kama yako, prosesa mbili na ramu nyingi, na diski za nje za kila aina zinachomekwa humo kila siku.

Sasa hili la SMP. Ushauri huo haukutoka hewani. Linux ilianza kuendesha prosesa zaidi ya moja kwenye toleo 2.0, mwaka 1996, na kwa miaka mingi kulikuwa na kufuli moja kubwa lililolinda sehemu nyingi za kerneli zisigongane. Kufuli hilo liliondolewa taratibu, likaisha kabisa kwenye toleo 2.6.39, mwaka 2011. Katika miaka ile ya katikati, draiva ambazo hazikuzoea kufanya kazi na prosesa mbili kwa pamoja zilikuwepo, za USB zikiwemo, na kuzima SMP kulisaidia watu. Kurasa walizoandika bado zipo mtandaoni. Leo simu ya Android iliyo mfukoni mwako ina kori nane na inaendesha kerneli ya Linux. Kama USB na kori nyingi vingekuwa haviivani, tungeshajua zamani.

Tena nosmp yenyewe ni kipimo kibaya. Haizimi prosesa tu, inazima na IO-APIC, ile sehemu inayogawa ishara za vifaa kwenda kwa prosesa. Unabadilisha mambo mawili kwa mkupuo, na mashine ikipona hutajua kilichoponya ni kipi. Anayetaka kupima atumie maxcpus=1, ambayo inaacha IO-APIC ilivyo. Hata hapo, ikipona usiseme «prosesa ndiyo mbovu». Kwa prosesa moja data inamwagwa polepole zaidi, na kitu dhaifu kilichokuwa kinaanguka kinaweza kusimama.

Mimi nasoma logi yako hivi. Neno «uas» limejaa humo. Hiyo ndiyo draiva inayoongea na diski yako, na ni tofauti na ile ya zamani, usb-storage. Ya zamani inatuma amri moja, inasubiri jibu, ndipo inatuma nyingine. Uas inatuma amri nyingi kwa pamoja, diski ijipange yenyewe. Ndani ya kasha la diski yako kuna chipu ndogo inayotafsiri USB kwenda SATA, lugha ya diski yenyewe, na chipu za makasha ya bei nafuu mara nyingi hudai zinaweza uas, kisha foleni ikijaa zinaganda. Kerneli inasubiri, inakata tamaa, inafuta amri, inaanzisha kifaa upya. Hayo ndiyo maneno abort na reset unayoyaona.

Lakini ule mstari wa disconnect unanitia shaka nyingine. Reset peke yake huacha kifaa na namba yake ileile. Disconnect maana yake mashine imeona kifaa kimetoka kabisa, kama kilichochomolewa kwa mkono, kisha kinarudi na namba mpya. Ndiyo maana sdb imegeuka sdc. Inaweza kuwa ni reset iliyoshindikana, lakini mara nyingi ni umeme au kebo. Kwa hiyo unaweza kuwa na matatizo mawili yanayosaidiana.

Niletee majibu ya hizi, kwenye mashine kubwa na kwenye laptopu:

```
lsusb -t
cat /sys/block/sdb/device/queue_depth
sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb
```

Na siku utakayojaribu kukopi faili zisizo na thamani, fungua terminali ya pili uache hii ikitembea:

```
watch -n1 "grep -E 'Dirty|Writeback:' /proc/meminfo"
```

Halafu uniambie diski umeichomeka wapi hasa. Mbele ya kasha, nyuma, au kwenye habu?

mpigapicha_Tanga

Shikamoo Bi Mwana, na asante kwa maelezo. Kadi sijazifuta, nimeziweka kwenye bahasha na kuandika jina la mteja.

Majibu. Mashine kubwa inaonyesha Driver=uas, 5000M, na queue_depth inasema 30. Laptopu inaonyesha Driver=usb-storage, 480M, na queue_depth ni 1.

Smartctl imekubali. Namba 5, 197 na 199 zote ni 0.

Nilikopi faili za majaribio kwenye diski nyingine ya aina ileile. Dirty ilipanda mpaka 9216480 kB huku programu ya kukopi ikinionyesha inakaribia kumaliza. Hapo ndipo kila kitu kilipoganda.

Diski huwa naichomeka mbele, kupitia kebo ya kurefusha ya mita moja na nusu, kwa sababu kompyuta iko chini ya meza na wateja wanakaa upande wa pili.

BiMwana_Unguja

Marahaba mwanangu. Hiyo bahasha ni jambo zuri sana.

Umeleta kila kitu. Tazama kwanza namba mbili, 30 na 1. Laptopu yako haishindi kwa kuwa na kori chache. Inashinda kwa sababu inatumia draiva ya zamani juu ya USB 2.0, amri moja kwa wakati, na chipu ya kwenye kasha inaweza kazi hiyo. Mashine kubwa inaipa chipu ileile amri 30 za kushika. Kori 12 zinazopitisha nyuzi 24 zinaweza kuijaza foleni hiyo bila kutoka jasho. Prosesa nyingi hazijavunja kitu. Zimekwenda kasi mpaka pale palipo dhaifu pakaonekana.

SMART, ripoti ya afya ya diski iliyotolewa na smartctl, ni safi, alhamdulillahi. Namba 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni sekta zinazosubiri uamuzi. Zote 0 maana yake sahani ya diski iko salama kwa tunavyoona. Ila usidanganyike na 199. Inahesabu makosa ya njia ya SATA, kati ya diski na ile chipu, si makosa ya kebo ya USB. Kebo ya USB inaweza kuwa mbovu kabisa na 199 ikabaki 0.

Anza na kebo, kwa sababu ni bure. Toa ya kurefusha, chomeka diski nyuma, kwenye tundu lililo moja kwa moja kwenye mazabodi. USB 3.0 inaahidi mA 900 kwa kifaa, USB 2.0 mA 500. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu na ampea nzima kwa muda mfupi. Umeme ukipita kwenye waya mwembamba wa mbele ya kasha, kisha mita moja na nusu zaidi, volti 5 hazifiki 5. Diski inaendelea kuzunguka mpaka inapoombwa kuandika kwa nguvu, hapo inalegea sekunde moja, na mashine inaona kifaa kimechomolewa.

Pili, ondoa uas kwa kasha hilo tu. Andika lsusb, utapata kitambulisho cha kasha, namba au herufi nne, nukta mbili, kisha nne nyingine. Mimi nitaandika VVVV:PPPP, wewe weka zako:

```
echo "VVVV:PPPP:u" | sudo tee /sys/module/usb_storage/parameters/quirks
```

Chomoa diski, chomeka tena, tazama dmesg. Lazima uone maneno «UAS is ignored for this device, using usb-storage instead». Usipoyaona, hukubadilisha kitu, namba umekosea. Hiyo njia inaisha ukizima mashine. Ukiridhika iweke ya kudumu:

```
echo "options usb-storage quirks=VVVV:PPPP:u" | sudo tee /etc/modprobe.d/kasha-usb.conf
sudo update-initramfs -u
```

Tatu ni ile kuganda, na hii ndiyo inayohusu ukubwa wa mashine kuliko kitu kingine. Ukikopi, Linux haiandiki moja kwa moja kwenye diski. Inaweka kwenye ramu, inakuambia «tayari», inaandika baadaye. Kiwango cha kawaida ni asilimia 20 ya ramu inayoweza kutumika kabla ya kuzilazimisha programu kusubiri, yaani vm.dirty_ratio. Kwenye laptopu ya GB 4 hiyo haifiki hata GB moja. Kwako umeona mwenyewe: zaidi ya GB 9 zilikuwa zimejaa kwenye ramu zikisubiri mlango mmoja mwembamba wa USB. Diski ikiandika MB 100 kwa sekunde, hiyo ni dakika moja na nusu ya kusubiri hata kama kila kitu ni kizima, na programu nyingine zinazotaka kuandika zinapangwa nyuma yake. Weka kikomo kwa baiti badala ya asilimia:

```
sudo sysctl vm.dirty_background_bytes=67108864
sudo sysctl vm.dirty_bytes=268435456
```

Hiyo ni MB 64 na MB 256. Ya kudumu iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/. Utaona mstari wa kukopi unakwenda polepole tangu mwanzo, na huo ndio mwendo wa kweli wa diski yako. Mimi napenda hivyo. Mashine inayosema imemaliza wakati haijamaliza imewapotezea watu kazi nyingi, hasa pale umeme unapokatika.

Badilisha kimoja, pima, kisha kingine. Usifanye vyote usiku mmoja.

mwalimu_Bukavu

Jambo ndugu zangu. Niko Bukavu, natunza maktaba ya masomo ya shule kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, nayo ni kori nne, diski ya nje ya USB, umeme wa sola. Ile ya kwanza ya Bi Mwana nilikutana nayo vilevile. Pi 4 inatoa ampea 1.2 tu kwa matundu yote manne ya USB kwa pamoja. Diski moja ya kuzunguka na kadi ya WiFi ya USB vilitosha kuiangusha, na logi ilikuwa imejaa disconnect. Habu yenye adapta yake mwenyewe ilimaliza mambo. Chunguza habu hiyo isirudishe umeme kwenye Pi. Nyingine zinafanya hivyo, na Pi inabaki nusu imewaka hata ukichomoa chaja yake.

Kwa wa Pi, ile ya VVVV:PPPP:u inaandikwa kwenye cmdline.txt kama usb-storage.quirks=VVVV:PPPP:u, ndani ya mstari uleule uliopo. Ukianza mstari mpya hausomwi.

Nyongeza moja. WiFi ya 2.4 GHz ikidhoofika kila unapochomeka diski ya USB 3.0, si mchawi. USB 3.0 inatoa kelele ya redio katika eneo hilohilo; Intel waliandika kuhusu hilo mwaka 2012. Sogeza diski mbali na antena, au tumia kebo yenye kinga nzuri.

Kijana_Nakuru

Bi Mwana, nimekuelewa kuhusu nosmp, sitaishauri tena hivyo. Lakini nina swali la kweli. Kwenye mashine yangu nikiandika grep xhci /proc/interrupts naona ishara zote za USB zinaangukia prosesa moja, zingine zote ni sifuri. Hiyo si shida? Nilidhani irqbalance inafaa kuzigawa.

BiMwana_Unguja

Swali zuri, Kijana. Si shida. Kidhibiti kimoja cha USB mara nyingi hutumia njia moja ya ishara, na njia moja hupelekwa kwa prosesa moja kwa wakati. Irqbalance inaweza kuihamisha nzima kwenda kwa prosesa nyingine, haiigawi vipande. Diski ya kuzunguka haijawahi kuichosha kori moja ya leo. Tazama top ukiwa unakopi: ukikuta kori hiyo iko asilimia 100 kwenye safu ya «si» au «hi», hapo tuzungumze. Kama haipo hapo, iache irqbalance ifanye kazi yake.

Jambo la prosesa mbili ambalo lina uzito kweli ni pale mtu anapoongeza kadi ya USB 3.0 kwenye mazabodi. Kwenye mashine za Xeon E5 kila prosesa ina njia zake za PCIe, zile zinazounganisha kadi za ndani, kwa hiyo baadhi ya nafasi za kadi ni za prosesa ya kwanza na nyingine ni za ya pili. Ukiitoa prosesa ya pili, nafasi zake zinakufa. Nimeona mtu akitupa kadi nzima ya USB kwa kudhani ni mbovu, kumbe nafasi aliyoichomeka haikuwa na prosesa. Unaweza kujua kadi iko upande gani kwa kusoma faili la numa_node chini ya /sys/bus/pci/devices/ na anwani ya kadi yako. Kwa diski za nje upande wowote unatosha.

mpigapicha_Tanga

Bi Mwana, wadau, nimerudi.

Nilianza na kebo kama ulivyosema. Diski nyuma, bila ya kurefusha, uas ikiwa bado ipo. Disconnect zimepotea kabisa, hakuna hata moja. Lakini abort na reset zimebaki, chache kuliko mwanzo, na kukopi kunasimama kila zinapotokea.

Kisha nikaweka ile ya u. Maneno ya UAS is ignored nimeyaona, na lsusb -t sasa inasema Driver=usb-storage, bado 5000M. Abort zimekwisha. Nimekopi faili za majaribio nyingi kuliko harusi nzima na dmesg iko kimya.

Mwisho nikaweka zile baiti. Sasa naweza kuhariri huku nakopi, kivinjari hakigandi. Mwendo ni MB 110 hivi kwa sekunde mwanzoni, lakini nikikopi kwa muda mrefu unashuka sana, mara nyingine unafika MB 20, kisha unapanda. Ni kawaida? Au nimepoteza kasi kwa kuondoa uas?

Na ile diski yenye harusi nifanye nini nayo?

BiMwana_Unguja

Nimefurahi sana kusoma hayo. Na umetupa ushahidi mzuri kwa wengine: disconnect zilikuwa za kebo, abort zilikuwa za uas. Prosesa zote zimewaka muda wote.

Kushuka kwa mwendo hakutokani na kuondoa uas. Kwa diski ya kuzunguka tofauti ni ndogo, kwa sababu kichwa ni kimoja na hakiwezi kuwa sehemu mbili. Diski nyingi za inchi 2.5 za ukubwa huo zimetengenezwa kwa SMR, mistari ya data imelaliana kama vigae vya paa, na ili kubadilisha mstari mmoja lazima diski iandike upya na ya jirani. Diski hizo zina eneo dogo la kupokea data haraka. Likijaa, diski inaanza kujipanga na mwendo unaanguka. Iache imalize. Ila ujue kwamba kerneli kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu kabla ya kuifuta amri, na diski ya SMR iliyozidiwa inaweza kukawia. Ukiona makosa yakirudi baada ya saa nyingi za kukopi, ongeza subira:

```
echo 120 | sudo tee /sys/block/sdb/device/timeout
```

Sasa diski yenye harusi. Ichomeke nyuma, bila kuimaunti, yaani bila kuifungua folda zake. Mfumo ukiimaunti wenyewe, i-umount. Hakikisha jina kwa lsblk -f, usitegemee kwamba ni sdb. Kisha itazame kwanza bila kugusa kitu:

```
sudo e2fsck -fn /dev/sdb1
```

Ikileta makosa machache, endesha bila n, uikubalie irekebishe. Ikileta kurasa na kurasa, simama, uandike hapa kwanza. Una kadi kwenye bahasha, kwa hiyo huna sababu ya kukimbilia.

Usiiamini folda iliyopo hata baada ya e2fsck kusema safi. E2fsck inakagua mpangilio wa faili, haijui kama video yako ni nzima. Kopi upya kutoka kwenye kadi kwenda folda mpya. Kisha, ukiwa ndani ya folda ya kadi, chukua alama za faili:

```
find . -type f -exec sha256sum {} + > ~/harusi.sha256
```

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo watu wenye ramu nyingi wanapojidanganya. Ukikagua nakala mara tu baada ya kukopi, Linux inaweza kukusomea kutoka kwenye ramu, si kwenye diski. Kwa GB 64 sehemu ya folda yako inaweza kuwa bado iko kichwani mwa mashine. Sehemu hiyo itaonekana sawa hata kama diski imeandika takataka. Kwa hiyo i-umount, izime vizuri, uichomoe:

```
udisksctl unmount -b /dev/sdb1
udisksctl power-off -b /dev/sdb
```

Ichomeke tena, ingia kwenye folda mpya, ndipo ukague:

```
sha256sum -c --quiet ~/harusi.sha256
```

Ikimaliza kimya bila kusema neno, nakala ni sawasawa na kadi. Fanya hivyo kwa diski ya pili pia, kasha la aina nyingine ukiweza, na diski hiyo isilale studio. Baada ya hapo ndipo kadi zifutwe.

Ukija kununua SSD ya nje, diski isiyozunguka, yenye kasha zuri, usiipe ile u. Kwa SSD uas ina faida ya kweli, na kitambulisho chake kitakuwa tofauti na cha hili, kwa hiyo faili la kasha-usb.conf halitaigusa.

mpigapicha_Tanga

E2fsck ilikuwa na makosa machache, imerekebisha. Nimekopi upya kutoka kwenye kadi, nimechomoa, nimechomeka, sha256sum imemaliza kimya. Kwa udadisi nikaikagua na ile folda ya zamani kwa faili lilelile la alama: video mbili zimekataa, moja ni ya nikahi yenyewe. Kwa jina na ukubwa zilikuwa sawa kabisa na za kwenye kadi.

Nakala ya pili inakwenda sasa hivi. Asante sana Bi Mwana, na ninyi wa Bukavu na Nakuru.